Kutoka Shelui Kwenda Kuhojiwa Ikungi

Nilifunga safari kwa sababu ya kipaza sauti. Nimesoma matangazo ya kanisa letu la Shelui tangu enzi ambazo mwanangu Yona nilimbeba mgongoni, na sasa Yona ana ndevu. Kidogo kidogo kazi ikakua, wakanifanya katibu wa mawasiliano wa jimbo zima. Kanisa likipatwa na jambo, redio zinanipigia mimi, na nitakalosema ndilo kanisa limesema. Naipenda kazi hii, sitaki kudanganya. Kuna watu wanapenda soda, mimi napenda kipaza sauti.

Basi mwaka jana halmashauri ya kanisa ikaamua kwamba msemaji wa jimbo lazima awe na ithibati ya uhusiano kwa umma. Ithibati hiyo hutolewa na chama cha wanamawasiliano wa taasisi za dini, na humo Wakristo, Waislamu na Wahindu wamo pamoja. Unapeleka jalada la kazi zako. Wakiridhika nalo wanakuita mbele ya jopo, wanakupa kisa cha kubuni cha balaa fulani, kisha wanakuhoji kana kwamba wao ndio waandishi wa habari. Ukishindwa unaruhusiwa kurudia mara moja. Ukishindwa tena, ndiyo basi. Mimi nilikuwa nimeshashindwa mara moja.

Nilishindwaje? Kisa walichonipa kilisema lori la kwaya limepinduka Mlima Sekenke, waimbaji watatu wamefariki, redio iko hewani inauliza. Nikajibu kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu mwenye adabu angejibu: "Kuna ndugu zetu hali zao si nzuri, tuendelee kuwaombea." Kwetu habari ya kifo haitupwi hovyo. Aliye mbali huambiwa mgonjwa amezidiwa, aje nyumbani. Akifika anakalishwa, analetewa maji, ndipo wazee wanamwambia. Lakini mwenyekiti wa jopo, Mzee Hamisi, mtangazaji mstaafu wa redio, akanitazama juu ya miwani yake.

"Mama, hawa wamekufa. Wewe unatuombesha wapone?" akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikarudi Shelui nimenuna. Mchungaji wetu akaniambia kwa upole kwamba nikishindwa mara ya pili, funguo za ofisi zitakwenda kwa kijana mmoja aliyesomea mambo hayo Dodoma. Kijana mwenyewe sina ugomvi naye. Kilichoniudhi ni ule upole.

Alhamisi asubuhi, mwezi wa sita, nikaondoka. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama. Mimi ndiyo naenda."

"Marahaba. Ukaseme vizuri huko. Na usiwajibu wakubwa kama unavyomjibu mwanangu."

Mwanawe, yaani Baba Yona, mume wangu, alikuwa nyuma yangu na begi langu begani. Akacheka peke yake mpaka kituoni, pale malori ya safari ndefu yanapoegeshwa. Basi la kutoka Nzega halikukawia, nikapata kiti karibu na dirisha, pembeni ya mfanyabiashara wa vitunguu aliyekuwa anarudi Singida.

Mlima Sekenke tuliupanda taratibu, kona baada ya kona, nyani wamekaa kando ya barabara wanatutazama kama wanakijiji wenye nafasi. Ndipo hasa lori langu la mtihani lilipopinduka, na nilipopaona palinitia hasira upya. Safari hii nilikuwa nimeapa. Nitasema yote: idadi, majina, vijiji, wakitaka na rangi ya sare za kwaya nitawapa. Nikaanza kujifunza kimoyomoyo, midomo inacheza.

"Mama, unasali?" yule jirani akauliza.

"Hapana. Najibu maswali."

"Ya nani?"

"Bado hajaniuliza."

Akasogeza kiwiko chake, na mpaka tunapita Misigiri hakunisemesha tena.

Mchana nilishuka Singida mjini, na upepo ukanipokea kabla ya mtu yeyote. Mwezi wa sita upepo wa pale si mchezo. Unatoka ziwani, unapita katikati ya yale mawe makubwa, unakufuata mpaka ndani ya koti. Nikashika kilemba kwa mkono mmoja, begi kwa mwingine, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyeji wangu Bhavna. Familia yake ina duka la vitambaa pale tangu siku za babu yake. Tulijuana kwenye semina ya chama. Yeye ndiye hutoa matangazo ya jumuiya ya Wahindu wa mjini, na ithibati aliipata mara ya kwanza tu, Mungu amsamehe.

Nilimkuta anampimia bibi mmoja kitambaa cha gauni, wanavutana bei kwa Kinyaturu. Mimi ni Mnyiramba, Kinyaturu nakisikia nusu nusu, lakini nilielewa kwamba bibi ndiye anayeshinda.

"Mama Yona! Karibu, karibu sana," Bhavna akasema alipomaliza. "Mbona umekonda? Wasiwasi?"

"Sijakonda. Ni upepo umenibana nguo."

Jioni alifunga duka, tukabaki ndani humo humo tukinywa chai ya tangawizi kwa chapati na dengu. Bhavna alitaka kunipima kabla jopo halijanipima. Akachukua ile rula ndefu ya kupimia vitambaa, akaninyooshea kama kipaza sauti. Akasema yeye ni redio, na lori la kwaya limepinduka tena.

Nikakohoa, nikasimama wima. "Asubuhi ya leo lori lililobeba kwaya yetu limepinduka Mlima Sekenke. Waimbaji watatu wamefariki. Majina yao ni Neema binti..."

"Ngoja," Bhavna akanikata. "Mama yake Neema ameshaambiwa?"

"Sijui. Kisa hakisemi."

"Ana redio?"

"Nani?"

"Mama yake Neema. Ana redio nyumbani?"

Nikakaa chini. Hapo nilichoka kweli. "Bhavna, hebu nisaidie. Nikinyamaza nimedanganya. Nikisema nimemuua mama wa watu akiwa jikoni kwake. Sasa hawa wanataka nini kwangu? Si wampe tu yule kijana hizo funguo!"

Bhavna aliweka rula mezani, akavuta kitambaa kilichokuwa karibu, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Baba yangu alifariki mimi nasoma Dar," akasema. "Baba mdogo akanipigia simu. Akasema baba anaumwa, njoo nyumbani, na umletee machungwa, anayatamani sana. Basi liliposimama Morogoro nikashuka kununua. Nilichagua moja moja, Mama Yona. Lililobonyea nilirudisha. Nikayapakata njia nzima, nimekataa hata kuyaweka chini. Nashuka hapa, naona watu wamevaa nyeupe mbele ya duka. Baba alishafariki tangu jana yake."

"Jamani!" nikasema. "Ulimfanya nini baba mdogo?"

"Nilimwamkia. Ningefanya nini? Ni mkubwa wangu." Akatabasamu kidogo. "Lakini mpaka leo machungwa siyagusi. Na ujue, kufichwa hakukunikasirisha. Angesema tu, 'njoo nyumbani, nitakuambia ukifika,' ningejua. Kila mtu hapa anajua maana yake. Ningelia njia nzima, ningefika nimeshalia. Mimi kilichoniuma ni machungwa."

Hatukufanya mazoezi tena jioni ile. Tuliosha vikombe, akanionyesha kitanda, nikalala nikiwa na mawazo ya yale machungwa kwenye mapaja ya msichana.

Ijumaa asubuhi nikapanda gari dogo la Ikungi. Baridi ilikuwa kali, na mashamba ya alizeti pande zote yalikuwa yameshavunwa, watu wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo na makapi yanapeperuka barabarani. Jopo lilikuwa limeazima ukumbi wa kituo kimoja cha mafunzo. Nje kwenye mabenchi tulikaa watahiniwa, kila mtu na dini yake na jalada lake mapajani. Ustaadhi mmoja wa kutoka Manyoni aliniuliza kama na yeye anaruhusiwa kuogopa. Nikamwambia aogope tu, mimi nimeshamtangulia.

Waliponiita nikaingia nikaamkia. "Shikamooni wazee wangu." Walikuwa watatu: Mzee Hamisi katikati, Sista Agripina kulia, na mwalimu mmoja wa chuo ambaye kazi yake ilikuwa kuandika tu. Nikasomewa kisa. Safari hii halikuwa lori. Ukuta wa kanisa linalojengwa umewaangukia waumini waliokwenda kujitolea. Wawili wamefariki, wengine wamelazwa. Sista Agripina ndiye mwandishi wa habari, tena yuko hewani.

Huyu Sista nje alikuwa amenisalimia kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Humo ndani sikumtambua.

"Mama, tunasikia watu wamekufa kanisani kwenu. Wamekufa au hawajafa?"

Ile "hali zao si nzuri" ilikuja yenyewe mpaka mlango wa meno, nikaimeza.

"Ndiyo, Sista. Ukuta wa kanisa letu umeanguka leo asubuhi, na wenzetu wawili wamefariki. Waliojeruhiwa wako hospitali."

"Majina yao?"

"Majina sitayasema sasa hivi. Tumetuma wazee wawili wawili kwenda kwenye nyumba za wafiwa. Hakuna mama atakayesikia jina la mwanawe kwangu mimi redioni. Wazee wakishakaa na kila familia, nitakupigia mwenyewe nikupe."

"Kwa hiyo kanisa linaficha!"

"Haliifichi habari, nimeshakuambia watu wamefariki. Kuna kitu najua sijakisema, na sababu yake nimekupa. Ukuta ulijengwa vipi na nani, hilo sijui bado, na silisemi mpaka nilijue."

Nilidhani tumemaliza, ndipo Mzee Hamisi akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.

"Mama, tuondoke redioni. Simu yako inaita. Ni kijana yuko Dar, amesikia kuna ajali. Anauliza kuhusu kaka yake. Kaka yake ni mmoja wa wale wawili. Wazee wenu bado wako njiani. Utamwambia nini?"

Hili halikuwamo kwenye vitini vya semina. Nikaona duka la Bhavna, nikaona na watu waliovaa nyeupe.

"Nitamwambia aje nyumbani. Nitamuuliza yuko na nani hapo, na nitamwomba asisafiri peke yake. Akiniuliza kuna nini, nitamwambia wazee watakaa naye akifika. Atajua, mzee. Lakini sitamwambia kaka yake anaumwa. Na sitamtuma alete kitu chochote."

Yule mwalimu alikuwa ameacha kuandika. Mzee Hamisi akavaa miwani yake, akasema ahsante mama, nenda kapate chai.

Majibu yalibidi yasubiri, maana ilikuwa Ijumaa na Mzee Hamisi alikwenda kwanza msikitini. Tukaletewa ugali na kuku wa kienyeji, na mtu yeyote anajua kuku wa Singida anavyokuwa, lakini mimi nilikuwa natafuna tu, chakula hakiendi. Aliporudi akatuita mmoja mmoja. Kofia yake ya swala bado ilikuwa kichwani.

"Mama, mwaka jana ulinikasirikia."

"Sana, mzee."

"Na leo?"

"Itategemea."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umepita," akasema. "Ila niambie, ile ya kutomtuma mfiwa alete kitu, uliisoma wapi?"

"Dukani," nikasema. Nilitaka kuongeza la heshima, la kiofisi, lakini machozi yalishatoka na nilichoweza kusema ni "eee" tu, mara nyingi. Haki ya Mungu, sijawahi kupumua namna ile. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba gunia kichwani, na mtu amelishusha. Nje nilimkumbatia mke wa mlinzi nikidhani ni mtahiniwa mwenzangu, naye akanikumbatia vilevile bila kuuliza.

Singida nilipita mbio. Bhavna aliniona tu mlangoni akajua, akapiga kelele mpaka wateja wakageuka. Akanikatia kitambaa cha gauni cha mama mkwe, akanisukuma nje nisikose basi.

Iguguno basi lilisimama watu wanunue vitu. Nikanunua jogoo mwekundu, mzito, wa kuchinja siku hiyo hiyo. Ndipo nikakumbuka nyumbani. Simu ilikuwa na chaji ya mwisho mwisho. Baba Yona akapokea haraka.

"Vipi?"

Nikajizuia nisicheke. Nilitaka nifike nao wakiwa wamekusanyika, niingie na jogoo mkononi, niwatangazie kama ninavyotangaza kanisani.

"Mko wote nyumbani?"

"Tupo. Kwani kuna nini?"

"Mama yupo?"

"Yupo. Mama Yona, kuna nini?"

"Msitoke. Nitawaambia nikifika."

Na simu ikazima. Wewe unayesoma umeshaliona, najua. Mimi sikuliona. Nilikaa kwenye kiti changu nimempakata jogoo, nikateremka Sekenke naimba nyimbo za kwaya, furaha imenijaa mpaka kisogoni.

Shelui tuliingia jua linazama. Kutoka kituoni mpaka kwangu si mbali, na nilianza kuona mambo yasiyoeleweka. Wanawake wa jirani wamekaa kwenye mikeka uani, kimya. Sufuria kubwa iko motoni. Mchungaji yuko kwenye kiti, Biblia mapajani. Jogoo akanitoka mkononi.

"Nani?" nikasema. "Jamani, ni nani?"

Baba Yona akaja akanishika mkono. "Kaa kwanza," akasema, na mtu akaleta maji kwenye kikombe. Mungu wangu! Nani asiyejua maana ya kukalishwa na maji?

"Sikai! Niambieni! Ni Yona?"

"Mimi huyu hapa, mama," Yona akasema, taa mkononi.

"Basi nani?"

"Wewe ndiye utuambie," Baba Yona akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Umesema utatuambia ukifika. Tumekupigia hupatikani. Tunakusubiri wewe."

Nikawatazama mmoja mmoja. Kisha nikalisema, tena taratibu, kama mtu anayeungama. "Mtihani. Nimepita mtihani. Ndiyo habari yenyewe."

Mwanamke mmoja mkekani akaangua kicheko, mwingine akamfuata, mchungaji akafunika Biblia na kujifuta macho, na Baba Yona akakaa chini vumbini akashika kichwa. "Huyu ndiye waliompa ithibati!" akasema. Kukosea njia ndiko kujua njia, lakini mimi njia nilikuwa nimefundishwa jana yake tu, kwa machungwa, na bado nikaikosea. Ukimya wa furaha yangu kwao ulikuwa ukimya kama mwingine. Habari njema nayo, nimejifunza, haina ruhusa ya kuchelewa.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amekaa barazani palepale nilipomwacha, amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe."

"Kama ni mtihani ungesema mtihani," akasema. "Mimi alasiri nzima nimemzika Elisha."

Elisha ni mwanawe wa mwisho, yuko migodini Geita. Walikuwa wamempigia tangu simu yangu ilipozima, naye alikuwa chini ya ardhi, hapatikani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilichukua simu ya Yona, nikapiga. Haikupatikana. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Mara ya tatu ikaita, ikaita sana, kisha kelele za mashine, na sauti ya Elisha ikisema haloo, haloo. Sikumsemesha. Nikamwekea mama sikioni.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Umekula?"

"Bado, ndiyo natoka kazini. Mama, mbona unalia?"

"Hamna kitu," mama akasema. "Mke wa kaka yako amepita mtihani."